Makadirio matatu ya paa moja, nifuate lipi?

SWALI: Kaka habari za kazi, mi msomaji wenu wa Kigamboni. Nyumba yetu tulipaua mwaka 2006 kwa bati geji 32, sasa hivi zimeshika kutu na zinavuja chumba cha watoto na koridoni, silingi bodi imeshaanza kubonyea. Tumeamua tuezue tupaue upya kabla ya masika. Nimeita mafundi watatu na kwa kweli nimechanganyikiwa. Wa kwanza ni fundi wa hapa mtaani, kaniandikia kwenye karatasi ya daftari: bati za msauzi geji 28 mita 150 sh 4,900,000, mbao 1,200,000, ufundi 750,000, jumla 6,850,000. Wa pili kaletwa na shemeji, anasema hamna haja ya kuezua, atafunika bati mpya juu ya zile za zamani, kila kitu 5,400,000. Wa tatu ni kampuni, walipanda mpaka juu ya dari wakapima, wakaleta kurasa mbili, 11,300,000 pamoja na VAT. Mume wangu anasema kampuni wanataka kutupiga, paa si lilelile. Nyumba ni mita 10 kwa 12, bati zimetoka nje ya ukuta kama sentimita 60 kila upande, paa la pande nne. Tufuate lipi?

JIBU: Dada yangu asante kwa kuandika vipimo na bei zote, wengi wananitumia jumla tu halafu wanauliza ni ghali au rahisi, hapo siwezi kumsaidia mtu. Wewe umenipa vya kufanyia kazi kwahiyo tukae na hizi karatasi pole pole.

Tuanze na mita 150 za fundi wa mtaani maana hapo ndo kuna shida kubwa. Mimi nadhani amechukua 10 mara 12 akapata mita za mraba 120, akagawa kwa upana wa bati, akakupa 150. Yaani kapima sakafu, na paa ni kubwa kuliko sakafu kwa sababu mbili. Kwanza bati limetoka nje ya ukuta sentimita 60 kila upande, kwahiyo tayari ni mita 11.2 kwa 13.2, hapo umefika karibu 148. Pili paa limelala kwa mteremko, na kitu kilichoinama ni kirefu kuliko kivuli chake. Hapa nakisia paa lako lina mteremko wa nyuzi 25 hivi, we mwambie mtu apande darini apime mita 1 kwa mlalo kwa pima maji aone paa limepanda kiasi gani, ikiwa ni sentimita 46 au 47 basi ni nyuzi 25 na unazidisha kwa 1.10, ikiwa limepanda sentimita 58 hizo ni nyuzi 30 na unazidisha kwa 1.15. Kwa nyuzi 25 eneo lako ni kama mita za mraba 163. Ukigawa kwa sentimita 80 ambazo ndo upana unaobaki kwenye bati nyingi likishapandana na mwenzake (muulize muuzaji la kwako ni ngapi, zinatofautiana) unapata mita 204, na hapo bado hujahesabu vipande vya kutupa. Paa la pande nne linakatwa mshazari kwenye kila kona, vipande vinabaki vingi kuliko paa la pande mbili.

Maana yake ni nini, bati zitapelea kama mita 54. Kwa bei yake mwenyewe ya sh 32,600 na kitu kwa mita hiyo ni karibu 1,760,000 ambayo utaambiwa siku nyumba iko wazi, watoto wamehamia kwa bibi, na wingu limesimama baharini. Siku hiyo huna ubavu wa kubageni, utalipa. Sisemi fundi huyu ni mwizi, wengi wanakadiria hivo kwa mazoea tu na wanashangaa wenyewe bati zikiisha kabla ya upande wa nne, ila anayelipa ni wewe.

Sasa ingia kwenye VAT. Kampuni wamekuandikia pamoja na VAT ya asilimia 18, fundi hana. Ukiitoa ile 11,300,000 inabaki kama 9,576,000. Na ya fundi ukiongeza zile bati zilizopelea inafika 8,610,000 hivi. Ile tofauti ya milioni 4 na nusu iliyomkasirisha shemeji yangu (yaani mumeo) imebaki kama 966,000. Na sasa niulize, kwenye karatasi ya daftari umeona wapi kofia (bati la kufunika maungio ya juu ya paa)? Umeona wapi skrubu au hata misumari? Bati la vale kama ipo (lile bonde pale pande mbili za paa zinapokutana), fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa), kuezua bati za zamani, gari la kubeba uchafu, turubai la kufunika usiku? Hamna. Mistari mitatu tu. Hivo vyote lazima vinunuliwe, na laki 9 na kitu inaliwa na hivo bila shida. Kwahiyo dada, bei hizi mbili zinalingana kuliko zinavyoonekana, tofauti ni kwamba kampuni wamekuonyesha mwanzoni na fundi atakuonyesha kidogo kidogo kazi ikiendelea.

Huyu wa kufunika juu ya bati za zamani mimi namkataa kwa nyumba yako, na nitaeleza kwa nini maana najua 5,400,000 inavutia. Umesema maji yanaingia mpaka silingi bodi inabonyea. Maji hayo kabla hayajafika kwenye silingi yamepita kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), yamelowesha mbao mvua hadi mvua. Akifunika juu hakuna mtu atakayeona mbao zimekuwaje, na bati jipya litakuwa limeshikwa na skrubu iliyoingia kwenye mbao iliyooza. Halafu unyevu unanasa katikati ya bati mbili, bati jipya linakaa limegusana na kutu, linaanza kuliwa kwa chini ambako huoni. Iko njia halali ya kufunika, kwamba mbao zote zimekaguliwa ni nzima, kenchi zinabeba ule uzito, afu zinapigiliwa papi mpya juu kuacha nafasi ya hewa, lakini ukifanya hivo kwa usahihi umeshaokoa hela kidogo sana, na kwa mbao zilizonyeshewa muda mrefu mi nasema ezua.

Mbao ndo sehemu ambayo hata kadirio zuri halijui jibu mpaka bati zitoke. Kampuni walipanda darini, vizuri, lakini hata wao hawaoni mgongo wa papi iliyolaliwa na bati. Kabla ya kusaini chochote pandisha mtu darini na bisibisi, aichomeke kwenye ncha za kenchi pale karibu na fisha bodi, kwenye kona zote nne chini ya maungio, na kwenye ile mbao iliyolala juu ya ukuta. Ikizama bila nguvu mbao hiyo imekwisha. Aangalie pia udongo wa mchwa na unga laini wa wadudu. Halafu kwenye mkataba usikubali neno "mbao zitakazohitajika" peke yake, weka bei ya kila mbao moja ya kubadilisha ikiwa imewekwa dawa na kupigiliwa, 2 kwa 4 shilingi ngapi, 2 kwa 2 shilingi ngapi, na kwamba zinahesabiwa mbele yako au mbele ya mtu wako kabla hazijatupwa. Hapo hata zikikutwa mbovu 30 mnazidisha tu, hakuna ugomvi.

Geji nayo. Namba ikiwa ndogo bati ni nene, geji 28 ni kama milimita 0.4, geji 30 ni kama 0.3, na geji 32 yako ya zamani iko chini ya hapo. Kwa jicho na kwa mkono ni ngumu kutofautisha hasa likishapakwa rangi, na wapo wauzaji wanaokuuzia 30 kwa jina la 28. Kwahiyo kwenye karatasi iandikwe milimita na sio geji peke yake, iandikwe pia ni la zinki tupu au la alumini na zinki, na limetengenezwa na nani, na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iseme hivohivo. Kuna maikromita ndogo ya kupimia unene, fundi wa vyuma yeyote mzuri anayo, muombe mje nayo mzigo unaposhushwa. Au pima uzito, chuma cha milimita 0.4 ni kama kilo 3.1 kwa mita ya mraba na cha 0.3 ni 2.4 hivi, mzigo wa geji 30 unakuwa mwepesi kwa karibu robo, mzani haudanganyi. Kwa Kigamboni kwenye chumvi mimi ningechukua la alumini na zinki lenye rangi, lile mchanganyiko wake wa kupaka ni alumini asilimia 55 na zinki kama 43 na silikoni kidogo, linavumilia hewa ya bahari kuliko zinki tupu. Ila soma karatasi ya dhamana, viwanda vingi vinaondoa nyumba zilizo karibu sana na bahari au vinapunguza miaka, na dhamana ya kiwanda ni ya bati na rangi, ya ufundi haimo. Hiyo ya ufundi anakupa anayepaua.

Na hapo ndo nafika kwenye kile ninachokitaka zaidi ukisikie wewe na mumeo. Bati zima halivuji. Toka dukani ni karatasi ya chuma isiyo na tundu. Maji yanaingia kwenye matundu tuliyotoboa sisi na kwenye maungio tuliyounga sisi, na paa la nyumba yako litakuwa na matundu zaidi ya elfu moja, kila moja limepitia mkono wa mtu. Kwahiyo ule mstari wa ufundi wa 750,000 ambao watu wote wanaanza kubageni nao ndo mstari unaoamua kama milioni 4.9 za bati zitadumu au la.

Chukua skrubu moja tu. Chini ya kichwa chake ina washa yenye mpira, na mpira huo ndo unazuia maji, chuma hakizuii kitu. Fundi akikaza kidogo mpira haujalala, ukiushika kwa vidole unazunguka, maji yanapita chini yake. Akikaza kupita kiasi mpira unafura unatoka nje ya washa na bati linabonyea kuzunguka skrubu, maji yanakaa kwenye kile kibonyeo, mpira unapasuka kwa jua ndani ya muda mfupi. Akiiingiza imeinama mpira unagusa upande mmoja. Iliyokaa sawa mpira unatokeza kidogo sana kuzunguka washa, sawa pande zote, na kichwa kimelala. Hiyo ni skrubu moja, na ana elfu moja za kuweka juu ya bati linalounguza miguu saa 7 mchana. Anayelipwa kwa haraka ataenda haraka. Ndo maana mi sipendi kumkandamiza fundi wa kupaua kwenye ufundi, mkandamize kwenye posho na usafiri ukitaka.

Na mkatae misumari mitupu kwa bati refu. Jua la Dar likipiga bati linarefuka, usiku linarudi, bati la mita 6 likipata joto la nyuzi 40 zaidi linarefuka karibu milimita 3, kila siku iendayo kwa Mungu linavuta na kusukuma pale liliposhikwa. Msumari unalegea taratibu, unapanda, tundu linapanuka. Ile milio ya ka ka ka unayosikia juu jioni ndo hiyo. Skrubu inashika vizuri zaidi.

Mwangalie pia anaanzia upande gani. Fundi anayejua kazi atakuuliza mvua ya upepo kwenu inatokea wapi, kusi au kaskazi, halafu anaanzia kulaza bati upande wa mbali na upepo ili mdomo wa kila bati uwe umeuelekezea upepo mgongo. Atavuta uzi kwenye ukingo kabla ya bati la kwanza, kwa sababu la kwanza likienda pembe yote yanafuata. Pembeni na kwenye kona za paa ataweka skrubu karibu karibu kuliko katikati, maana upepo unalinyanyua paa kuanzia ukingoni na kwenye kona. Kimbunga Hidaya mwezi wa 5 mwaka 2024 kilipopiga Mafia na pwani ya kusini kilitukumbusha kwamba upepo mkali na huku kwetu upo, kwahiyo uliza kenchi zimefungwaje na ukuta, kama ni misumari tu kwenye mbao ya juu ya ukuta muda wa kuongeza nondo au mikanda ya chuma ni sasa wakati bati zimetoka.

Ushauri wangu basi. Fundi wa mtaani usimtupe, mpe karatasi nyingine mwambie apande apime, aandike mstari kwa mstari kama wale kampuni, bati na unene wake, kofia mita ngapi, vale kama ipo, skrubu ngapi, fisha bodi, kuezua, kubeba uchafu, mbao kwa bei ya kila moja, ufundi, siku ngapi, na miezi mingapi atarudi bure pakivuja. Omba akupeleke kwenye nyumba aliyopaua miaka 3 au 4 iliyopita, uongee na mwenye nyumba bila yeye kusimama hapo. Kampuni nao waulize nani hasa anapanda juu, ni mafundi wao au wanachukua vibarua siku hiyo hiyo, na dhamana ya ufundi imeandikwa wapi. Kwa hizi karatasi ulizonazo leo mi ningeenda na kampuni, kwa sababu ndo pekee waliopima paa lenyewe. Kama hela haitoshi punguza kwenye gata (mifereji ya maji ya mvua) zisubiri mwaka kesho, tumieni tena mbao zilizo nzima, chagueni msauzi wa kawaida badala ya muundo wa vigae unaokula bati zaidi. Skrubu, kofia na mikono msipunguze. Na wasiezue nyumba nzima siku moja, waende upande kwa upande na turubai liwe saiti kabla bati la kwanza halijashuka.

SWALI: Mkuu, nyumba yangu iko Mtwapa, nimeweka mabati mapya ya rangi mwaka jana tu na tayari naona vidoa vya kutu vidogo vidogo vimetapakaa juu, na kwenye kingo zilizokatwa kuna kutu inapanda. Fundi anasema mabati ni feki, mwenye duka anasema ni bahari. Nani mkweli?

JIBU: Ndugu yangu, kabla hujamshtaki mwenye duka muulize fundi swali moja, alikata mabati kwa kitu gani? Ninavyoona kwa maelezo yako alitumia grenda. Ile cheche inayoruka ni chembe za chuma cha moto, zinatua kwenye rangi zinaichoma na kujibandika, mvua ya kwanza tu zinaota kutu na unapata vidoa kila mahali hata mbali na alipokata. Na diski inachoma ule mchanganyiko unaolinda kwenye ukingo, chuma kinabaki uchi, kwahiyo kutu inapanda kutokea pale. Bati la rangi linakatwa kwa mkasi wa bati au mashine ya kukata isiyotoa moto, na likikatwa linakatiwa chini, sio juu ya paa. Hata unga unaotoka kwenye dril wakati wa kuweka skrubu unatakiwa ufagiliwe jioni ya siku hiyohiyo kwa brashi laini, usilale juu.

Fanya hivi kwanza. Panda na kitambaa na maji ya sabuni usugue eneo dogo lenye vidoa. Vikitoka na rangi chini yake ni nzima, hizo zilikuwa chembe tu, osha paa lote kabla hazijala ndani na utakuwa umepona. Visipotoka, au ukiona kutu inatoka chini ya rangi mahali ambapo hapajakatwa wala kutobolewa, hapo una haki ya kurudi dukani na picha na risiti. Kingo zilizokatwa zisafishwe zipakwe rangi ya zinki halafu rangi ya mwenye kiwanda, haitakuwa kama mpya lakini utanunua miaka.

Bahari nayo ina sehemu yake sikatai. Juu ya paa mvua inaosha chumvi, ila upande wa chini wa bati pale lilipotokeza nje ya ukuta mvua haifiki, chumvi inajikusanya hapo na kutu inaanzia chini. Kwa nyumba za Mtwapa, Bagamoyo, Tanga mjini na Unguja, mara mbili tatu kwa mwaka piga maji safi chini ya kingo. Watu wachache sana wanafanya hivo na ni kazi ya asubuhi moja.

SWALI: Habari mwanangu, mimi ni mstaafu niko Moshi. Nyumba niliyouziwa na shirika nililofanyia kazi ina paa la zile bati nzito za kijivu za zamani. Fundi amenipa bei nzuri, anasema ataziangusha chini kwa siku moja na tutazisaga kuwa kifusi cha kuweka njiani. Naomba maoni.

JIBU: Shikamoo mzee. Naomba usimruhusu kabisa. Bati za kijivu nzito zinazofanana na saruji kwenye nyumba za enzi hizo mara nyingi ni asbesto, na mpaka ithibitishwe vinginevyo ichukulie hivyo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto zinasababisha saratani, nyuzi zake ni ndogo hazionekani, zikivutwa zinakaa kwenye mapafu na ugonjwa unaweza kutokea baada ya miaka mingi sana. Likiwa limetulia juu na halijavunjika hatari ni ndogo, hatari kubwa inakuja likivunjwa, likikatwa, likisuguliwa au kusagwa, na kulimwaga njiani ni kuwapa wajukuu na majirani vumbi hilo kila gari likipita.

Ongea na NEMC (baraza la mazingira) na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) wakuelekeze namna halali ya kuondoa na mahali pa kuzika. Wanaofanya kazi hiyo wanavaa barakoa maalum zinazochuja vumbi laini, kitambaa hakitoshi, wanalowesha bati, wanafungua skrubu moja moja na kulishusha zima bila kuliangusha, wanafunga kwenye nailoni nene na kuandika alama. Hiyo ni gharama ya ziada na kadirio lolote la nyumba kama yako lisilo na mstari huo halijakamilika, hata liwe na bei nzuri namna gani. Huyo fundi naye mueleze kwa upole mzee, inawezekana hajui, na ye ndo atakuwa wa kwanza kulivuta vumbi hilo.

SWALI: Mimi niko Muscat nafanya kazi, najenga Tanga. Fundi anataka asilimia 80 ya hela ya kupaua mapema ndo aanze, na nyumbani hamna anayejua ujenzi zaidi ya mama. Nitalindaje hela yangu?

JIBU: Pole na hongera mdogo wangu, kujenga ukiwa mbali kunatia mawazo. Hiyo 80 usitume. Tenganisha vifaa na ufundi. Bati, mbao, skrubu na kofia lipa wewe moja kwa moja dukani au kiwandani kwa jina lako, mzigo upelekwe saiti na mama apokee kwa kuhesabu, risiti ya EFD apige picha akutumie. Fundi anabaki kudai mikono yake tu, na hiyo gawa kwa hatua: kidogo ya kuanzia, nyingine kenchi zikishasimama na kufungwa kwenye ukuta, nyingine bati zikishalala zote, na fungu la mwisho lisiwe chini ya asilimia 10, hilo linakaa kwako mpaka mvua kubwa moja ipite. Iandikeni na shahidi asaini, mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa.

Fundi akikuambia hana mtaji wa kulisha vijana wake ni kweli wengi hawana, kwahiyo mpe ya kuanzia iwe ya maana na malipo ya hatua yatoke siku hiyohiyo kazi ikionekana. Ukimcheleweshea atakimbilia saiti nyingine na yako itabaki wazi.

Picha ndo macho yako huko Muscat, ila usiombe picha ya nyumba nzima kutoka barabarani, paa lolote linapendeza kwa mbali. Omba picha za karibu za vitu maalum: ncha ya kenchi ilivyofungwa na ukuta, umbali wa papi kwa papi na futi kamba imewekwa pale pale isomeke, maandishi yaliyopigwa nyuma ya bati, skrubu tano za sehemu tofauti zilizopigwa kwa karibu mpaka mpira uonekane, vale kabla haijafunikwa na bati, na flashi (bati la kuziba pale paa linapokutana na ukuta) ilivyoingia ndani ya ukuta. Flashi ikiwa imebandikwa juu ya plasta na silikoni tu mwambie aichimbie mfereji, silikoni ikikauka hapo ndo maji yataanzia. Siku ya mvua kubwa mwombe mama apande darini na tochi mvua ikiwa bado inanyesha, aanze kumulika kwenye vale na kwenye kila mahali bati linapokutana na ukuta, akikuta pakavu mtumie fundi hela yake yote iliyobaki.